Skrini moja, kazi tatu: kupanga chati kwenye MetaTrader 5

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye laptopu moja ya inchi 14, aliyeinunua Darajani au kaletewa na jamaa kutoka Dubai, na ndani yake ana MetaTrader 5, programu ya kutazama bei na kununua na kuuza sarafu na dhahabu mtandaoni, iliyojaa madirisha kumi na mbili ambayo hata moja halisomeki. Mitandaoni utaona picha za mtu kakaa mbele ya skrini sita. Wewe huna skrini sita, na kusema kweli huzihitaji. Unachohitaji ni kujua kila chati, yaani mchoro wa bei, imewekwa pale kujibu swali gani, halafu uzipange chati kwa kazi ya wakati ule, si kwa majina ya sarafu. Hilo la pili ndilo wengi hawalifanyi. Hufungua dirisha la euro, dirisha la pauni, la yeni, la dhahabu, kila moja na indiketa zake (mistari ya hesabu inayotokana na bei), mwisho skrini inakuwa bakuli la urojo: kila kitu kimo na hujui kijiko kitaibuka na nini. Kwenye urojo hiyo ndiyo raha yenyewe. Kwenye chati ni hasara.

Nimeichagua MetaTrader 5 kwa sababu ndiyo ninayoiona kwa vijana wengi hapa Mjini, na Pemba pia. Kampuni ya MetaQuotes iliitoa mwaka 2010, baada ya MetaTrader 4 ya mwaka 2005, na sehemu kubwa ya nitakayoyaeleza yanafanya kazi katika zote mbili. Majina ya menyu nitayataja vile vile yanavyosomeka kwenye programu, ili usitafute kitu kisichokuwepo.

Jambo moja tulimalize mapema. Chati zilizopangwa vizuri hazimpi mtu faida. Mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida katika biashara ya aina hii hupoteza fedha. Kwa hiyo fanya yote haya kwenye akaunti ya majaribio mpaka mkono uzoee. Na kuhusu riba ya usiku, ile ada ya kuacha oda wazi mpaka siku ya pili, na hizo akaunti zinazoitwa za Kiislamu zisizotozwa riba hiyo, muulize sheikh unayemwamini, usimuulize broka, yaani kampuni iliyokufungulia akaunti, anayesubiri uweke amana.

Hatua ya 1: Anza na karatasi, programu iache imefungwa

Andika maswali unayojiuliza kila siku unapofungua laptopu. Yangu ni machache. Bei ya dhahabu inaelekea wapi wiki hii? Je, imekaribia lile eneo nililolichora? Nikiingia hapa, kikomo cha hasara, ile bei ambayo oda hujifunga yenyewe mambo yakienda kinyume, nakiweka wapi? Leo saa ngapi kuna taarifa ya kutikisa soko? Oda zangu zilizo wazi ni zipi?

Sasa kila swali liandikie chati inayolijibu. Utagundua mambo mawili. La kwanza, maswali mengine hayahitaji chati kabisa: la taarifa linajibiwa na kalenda ya uchumi, la oda linajibiwa na jedwali lililo chini ya skrini. La pili, chati mbili au tatu ulizozizoea zinajibu swali moja. Bakisha moja. Mshika mawili moja humponyoka, na mwenye laptopu ndogo ndiye wa kwanza kuponyokwa.

Hatua ya 2: Punguza orodha ya bei

Bonyeza Ctrl na M, itatokea orodha inayoitwa "Market Watch". Mabroka wengi huijaza vitu ambavyo hutavigusa maishani. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya orodha, chagua "Hide All", na vile visivyotumika na chati au oda iliyo wazi vitaondoka. Kisha rudisha unavyovifuata: tuseme EURUSD, yaani euro kwa dola, GBPUSD, yaani pauni kwa dola, na XAUUSD, ambayo ndiyo dhahabu kwa dola. Vitatu vinamtosha mtu anayefanya kazi nyingine mchana.

Faida yake si usafi tu. Programu huletewa bei za vile vilivyomo kwenye orodha, kwa hiyo orodha fupi hula bando dogo, na laptopu ya zamani hupumua. Orodha ukiridhika nayo, ihifadhi kwa jina kupitia "Sets" kwenye menyu hiyo hiyo.

Usiitafute karafuu humo. Bei ya karafuu Unguja na Pemba hupangwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ikatangazwa, wala haipandi na kushuka kila sekunde. Hisa za soko la Dar es Salaam nazo zina njia yake nyingine.

Hatua ya 3: Sawazisha saa kichwani mwako

Hapa nitakaa kidogo, maana mkanganyiko wa saa huharibu mpangilio mzuri kuliko rangi mbaya au indiketa nyingi.

Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, mwaka mzima, hatusogezi mshale. Wenzetu wa London na New York husogeza mara mbili kwa mwaka. Tena hawasogezi siku moja: Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Katikati hapo kuna wiki mbili au tatu za Machi, na wiki moja baina ya Oktoba na Novemba, ambapo mmoja keshahama na mwenzake bado.

Chati ya MetaTrader haifuati saa ya laptopu yako, inafuata saa ya seva ya broka, na haina pa kuibadilisha. Mabroka wengi huiweka seva saa mbili mbele ya saa ya dunia wakati wa baridi yao na saa tatu wakati wa kiangazi chao, ili mshumaa wa siku, yaani alama ya kwenye chati inayoonyesha bei ilivyotembea siku nzima, ufungwe pamoja na saa 17:00 ya New York. Maana yake kwetu ni hii: kwa broka wa namna hiyo, wakati wa kiangazi chao saa ya chati ni sawa na saa ya ukutani hapa Zanzibar, wakati wa baridi chati iko nyuma yetu kwa saa moja. Usiniamini kwa maneno. Saa ya seva inaonekana kwenye dirisha la "Market Watch" soko likiwa wazi. Iweke simu pembeni yake ulinganishe. Fanya hivyo tena kila Machi na kila Novemba.

Halafu kuna sisi wenyewe, tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Chati inaandika 16:30, sisi tunasema saa kumi na nusu. Ukiondoa sita kwenye saa ya alasiri ya kompyuta umepata yetu, lakini mtu akiwa na haraka hukosea, na taarifa ya Marekani haimngoji. Mimi napendelea kipande cha karatasi kilichogandishwa ukingoni mwa skrini, kimeandikwa hivi:

London inafungua: saa nne asubuhi kiangazi chao, saa tano baridi yao.
New York inaamka: saa tisa alasiri, au saa kumi.
Taarifa nyingi kubwa za uchumi za Marekani, zinazotoka 8:30 kwao: saa tisa na nusu, au saa kumi na nusu.
Soko la hisa la New York linafungua: saa kumi na nusu, au saa kumi na moja na nusu.
Siku inafungwa na ada ya usiku inahesabiwa: saa sita usiku, au saa saba usiku.
Tokyo inafungua: saa tisa usiku, mwaka mzima, kwa sababu Wajapani nao hawasogezi saa.

Itazame orodha hiyo kwa jicho la mtu wa hapa. Saa tisa na nusu inaangukia kwenye alasiri, na saa zenye pilikapilika kuliko zote, London na New York zikiwa wazi pamoja, zinakwenda mpaka magharibi. Mwezi wa Ramadhani ndipo watu wanatengeneza futari. Kwa hiyo mpangilio wako lazima uwe wa kuachika: unyanyuke, uende msikitini, urudi, na skrini ikueleze ulipoishia kwa kuitupia jicho mara moja. Hiyo ndiyo kazi ya hatua zinazofuata.

Hatua ya 4: Tengeneza chati moja safi, uifanye templeti

Templeti ni sura ya chati: rangi, aina ya mishumaa, indiketa na mipangilio yake. Haibebi jina la sarafu wala kipindi, yaani muda unaobebwa na mshumaa mmoja. Ukiivisha dhahabu ya dakika 15 au pauni ya wiki, sura ni ile ile.

Fungua chati moja yoyote. Alt na 2 kuleta mishumaa. Ctrl na G kuondoa vile vimistari vya gridi, ambavyo havimsaidii mtu. Ctrl na Y kuwasha mistari inayotenganisha vipindi, ili kwenye chati ndogo uone siku inapoanza na kuisha. Kisha F8, dirisha la sifa za chati, uchague rangi.

Kuhusu rangi nina maoni yangu. Wengi wanapenda chati nyeusi kwa kuwa inaonekana ya kitaalamu. Ukikaa barazani saa nane mchana, skrini nyeusi inakuonyesha uso wako na mnazi ulio nyuma yako. Weka usuli mweupe uliofifia au kijivu chepesi, mishumaa ya kupanda rangi moja tulivu, ya kushuka nyingine, na nyekundu iliyokoza ibakie kwa kitu kimoja tu: kikomo cha hasara. Nyekundu ikitumika kila mahali, jicho huacha kuishtukia. Kama unafanya kazi usiku, tengeneza templeti ya pili yenye usuli mweusi, lakini indiketa ziwe zile zile.

Sasa indiketa. RSI, Stochastic na CCI zote zinapima kasi ya bei, na zote zinachota kwenye bei ile ile. Kuziweka tatu ni kumuuliza mtu mmoja swali moja mara tatu. Chagua moja au acha kabisa. Mimi kwenye templeti ya msingi naweka mistari miwili ya wastani, wa mishumaa 50 na wa mishumaa 200, na ATR chini. ATR, ambayo Welles Wilder aliitangaza mwaka 1978 pamoja na RSI, haikuambii bei inaelekea wapi. Inakuambia kwa kawaida mshumaa mmoja unatembea umbali gani. Ukijua hivyo hutaweka kikomo cha hasara mahali ambapo pumzi ya kawaida ya soko itakifikia. Kuziona indiketa zote zilizomo na kufuta za ziada, bonyeza Ctrl na I.

Kabla ya kuhifadhi, bonyeza Ctrl na B uone orodha ya vitu vilivyochorwa, ufute vyote. Templeti huhifadhi na michoro pia. Mstari uliouchora kwenye euro kwa bei ya 1.08 ukibaki humo, utauvisha dhahabu, mahali usipo na maana.

Baada ya hapo bonyeza kitufe cha kulia juu ya chati, "Templates", halafu "Save Template". Ipe jina fupi, tuseme safi. Ihifadhi mara ya pili kwa jina default, herufi kwa herufi. Tokea hapo kila chati mpya utakayoifungua itazaliwa na sura hiyo, na umeokoka na zile rangi za kijani juu ya weusi zinazokuja na programu yenyewe.

Kumbuka jambo hili, litarudi: templeti haijihifadhi. Ukibadilisha rangi leo, templeti ya safi inabaki ya jana mpaka uihifadhi upya kwa jina lile lile.

Hatua ya 5: Profaili tatu, na moja ya kuchezea

Profaili ndiyo meza yenyewe ya kazi: chati zipi ziko wazi, ziko wapi kwenye skrini, zina ukubwa gani. Jina la profaili unayoitumia linaonekana kwenye ukanda wa chini kabisa wa programu. Ukilibonyeza, inafunguka orodha ya kuhamia nyingine. Hapo ndipo laptopu moja inapogeuka skrini tatu.

Zipe namba mwanzoni mwa majina ili zijipange kwa mfululizo.

1-ramani ni ya asubuhi, kabla ya kwenda kazini au ukiwa na chai. Weka chati nne za D1, yaani mshumaa mmoja kwa siku: zile tatu unazozifuata na ya nne ya faharasa ya dola, kipimo cha nguvu ya dola dhidi ya sarafu nyingine, ikiwa broka wako anayo, maana euro, pauni na dhahabu zote zinapimwa kwa dola. Bonyeza Alt na R, zitajipanga mbili juu mbili chini. Hapa hakuna kuingia sokoni. Unatazama mwelekeo, unachora maeneo, unaondoka. Dakika kumi zinatosha, na ukiona umekaa nusu saa ujue umeanza kutafuta sababu ya kununua kitu.

2-kazi ni ya alasiri. Chati mbili tu za kitu kimoja: H4 (mshumaa wa saa nne) nyembamba kushoto, M15 (wa dakika 15) au H1 (wa saa moja) pana kulia, ukivuta ukingo wa dirisha mpaka ya kulia ichukue karibu theluthi mbili ya skrini. Chini, jedwali la oda limefunguliwa kwa Ctrl na T. "Navigator" izime kwa Ctrl na N, inakula upana bure. Ukitaka kuhama kutoka dhahabu kwenda pauni huna haja ya kufungua dirisha jipya: ibofye chati, bonyeza Enter, kitatokea kisanduku kidogo pembeni chini, andika GBPUSD, Enter tena. Kisanduku hicho kinakubali kipindi pia, kama H1, na hata tarehe ukitaka kurudi nyuma kwenye historia. Wachache wanakijua.

Mtu ataniuliza, chati mbili tu? Ndiyo. Wakati wa kuingia una maswali mawili: upepo mkubwa unavuma wapi, na hapa nilipo nafanya nini. Chati ya tatu huwa ni ya kutafuta shahidi wa jambo ulilokwisha kuliamua.

3-hesabu ni ya baada ya isha. Chati moja, na jedwali la chini limewekwa kwenye "History". Kwenye F8 washa "Show trade history", na pale ulipoingia na kutoka patachorwa juu ya chati. Ukiona jambo la kukumbuka, kitufe cha kulia, "Save as Picture", na picha uiweke kwenye folda la mwezi huo. Ipe jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, kisha jina la kitu. Folda litajipanga lenyewe.

Namna ya kuzitengeneza: panga chati za kwanza, nenda menyu ya "File", "Profiles", "Save As", andika 1-ramani. Kisha, kabla hujafunga hata dirisha moja, rudia "Save As" na uandike 2-kazi. Sasa uko ndani ya 2-kazi, na ndiyo unaweza kubomoa na kupanga upya. Mfuatano huo ni muhimu kwa sababu profaili, tofauti na templeti, hujihifadhi yenyewe kimya kimya. Ukiwa ndani ya 1-ramani ukafunga chati mbili ili upate nafasi ya kutazama jambo haraka, basi 1-ramani ndiyo hiyo tena, ya chati mbili. Hakuna dirisha la kukuuliza una hakika. Chati iliyofungwa mara nyingine hurudishwa kupitia "File", "Open Deleted", lakini usilitegemee hilo.

Ndiyo maana nasema tengeneza na ya nne, iite 9-mchezo. Ukimwona mtu mtandaoni anasifu indiketa mpya, au rafiki kaja na mbinu yake, hamia huko kwanza. Huko vurugu ruhusa.

Onyo kwa wanaotumia roboti. Roboti, yaani programu ndogo inayonunua na kuuza yenyewe, hukaa juu ya chati. Ukihama profaili, chati za profaili ya kwanza zinafungwa na roboti inasimama nazo, hata kama oda zake bado ziko wazi. Mwenye roboti aiweke kwenye MetaTrader ya pili iliyosakinishwa kwenye folda lake peke yake, na huku abaki na profaili zake bila wasiwasi.

Hatua ya 6: Michoro iwe na adabu

Mstari usio na jina ni takataka ya wiki ijayo. Ukichora eneo, libofye mara mbili kulichagua, fungua sifa zake kwa kitufe cha kulia, na kwenye maelezo andika kwa ufupi: chini ya wiki, juu ya Jumatatu, na kadhalika. Kila aina ipe rangi yake na usiibadilishe: maeneo ya D1 bluu, ya H4 kijivu, basi.

Kwenye sifa za kila mchoro kuna ukurasa wa "Visualization", wenye orodha ya vipindi vyote. Hapo unaamua mstari uonekane kwenye kipindi kipi. Mistari midogo ya M15 iruhusu ionekane M15 na vya chini yake tu, na chati yako ya H4 itabaki nyeupe. Ya D1 iache ionekane kote. Kwa mwenye skrini ndogo, hiki ndicho kifaa kimoja kwenye programu nzima ambacho ningekitetea mbele ya watu.

Jumamosi, soko likiwa limefungwa, bonyeza Ctrl na B kwenye kila chati ufute ambayo bei imekwisha kuyapita.

Hatua ya 7: Umeme ukikatika

Unguja inapata umeme wake kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka bara, na Pemba vile vile kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Walioishi hapa tokea Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hawahitaji kuelezwa waya huo ukiharibika inakuwaje. Siku hizi ni makato ya muda mfupi, lakini dakika kumi gizani wakati wa taarifa ya Marekani ni nyingi.

Kwa hiyo ujue kipi kinakaa kwa broka na kipi kinakaa kwenye laptopu yako. Kikomo cha hasara, lengo la faida na oda zinazosubiri bei vinakaa kwenye seva. Laptopu ikizima vinaendelea kufanya kazi. Kikomo kinachoifuata bei, kile cha "Trailing Stop", kinaendeshwa na programu iliyo mbele yako. Ikizima, kinaganda pale kilipofika. Kengele za bei na roboti nazo ni hivyo hivyo. Ukinyanyuka kwenye 2-kazi, hata kwa kwenda kupokea mgeni mlangoni, hakikisha kila oda ina kikomo cha hasara cha kawaida kilichokwisha kufika kwa broka. Kwenye chati utakiona kama mstari, na kwenye jedwali la chini kama namba katika safu ya S / L. Safu ikiwa tupu, rudi ukae.

Na siku uliyopanga profaili zako, ifunge programu kwa utaratibu kisha uifungue tena. Mpangilio huandikwa vizuri inapofungwa; laptopu yenye betri iliyokufa ikizimika ghafla, kazi ya mchana mzima inaweza kurudi ilivyokuwa asubuhi.

Laptopu ikiwa nzito, Ctrl na O hufungua mipangilio. Kwenye ukurasa wa chati punguza "Max bars in chart". Huna kazi na mishumaa laki moja ya dakika moja.

Hatua ya 8: Weka nakala

Ctrl na Shift na D hufungua folda la data la programu. Ndani ya folda la MQL5 kuna "Profiles", na humo kuna "Charts" zenye profaili zako na "Templates" zenye templeti zako. Nakili "Profiles" lote kwenye flashi, au ujitumie kwa barua pepe. Si zito.

Kwenye laptopu mpya yenye broka yule yule, unalibandika mahali pale pale programu ikiwa imefungwa, unafungua, na meza zako zote ziko vile vile. Broka akiwa mwingine, templeti zitakwenda bila shida, ila profaili zinaweza kukataa kufungua baadhi ya chati, kwa sababu majina hayafanani: mmoja anaandika XAUUSD, mwingine anaongeza herufi mwishoni, mwingine anaandika GOLD. Hapo fungua chati upya kwa jina la broka huyo, ivishe templeti ya safi, ihifadhi profaili. Kazi ya robo saa.

Simu usiitegemee kwa mpangilio huu. MetaTrader ya simu haichukui profaili wala templeti za laptopu. Ina mipangilio yake, na inafaa kwa kutazama oda na kuzifunga ukiwa kwenye daladala. Anayetaka mistari aliyoichora nyumbani aione kwenye simu pia, TradingView, huduma nyingine ya chati ya mtandaoni, inafanya hivyo, kwa kuwa michoro inakaa kwenye akaunti yako huko kwao, na kengele zake hulia hata laptopu ikiwa imezimwa. Wapo wanaochorea TradingView na kuingilia sokoni MetaTrader. Ukifanya hivyo, profaili ya 1-ramani hamishia kule, na huku bakisha 2-kazi na 3-hesabu.